Unahama? Bima yako inabaki nyumba ya zamani



Naandika hii nikiwa Nshamba, nimekuja kumsalimia mama na kula ndizi za kwetu. Jana jioni pale senta kijana mmoja akanisimamisha. Anahamia Mwanza na mke wake na mtoto. Ameshakodi Fuso, ameshalipa kodi ya miezi sita kule Buzuruga, mambo yote safi. Akaniuliza: "Kaka, gari nimeliona lina stika ya bima pale kwenye kioo. Kwa hiyo vitu vyangu si viko salama?"

Nilicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu aliyewahi kuumia. Swali hilo hilo nililiuliza mimi mwaka 2018, tena wakati nauliza nilikuwa nimesimama mtaroni kwenye mvua na friji langu limelala kifudifudi kwenye matope.

Basi leo nimeona niliandike kabisa, maana naona vijana wengi tunahama hama sana. Leo Nshamba, kesho Muleba, keshokutwa Bukoba, mwakani Mwanza au Dar. Tunajua kupiga hesabu ya kodi, ya gari na ya vijana wa kupakia. Hesabu ya bima hatuna. Tunadhani bima ni mambo ya matajiri na wenye magari.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Mwaka huo nilikuwa nafunga kiduka changu cha fotokopi na kuchapa barua hapa senta ili nihamie Rwamishenye, Bukoba mjini, kuanza maisha mapya. Nikakodi Canter. Dereva mtu mzima, mstaarabu, wala hakuwa mkimbizaji. Tukapakia kila kitu: kitanda, friji, mashine ya fotokopi, kompyuta 2, printa, jenereta dogo, vyombo, na mikungu kadhaa ya ndizi (Mhaya hahami bila ndizi, si mnajua). Tulitoka saa 9 alasiri, hilo lilikuwa kosa la kwanza. Mvua ikatukuta kabla hatujafika Muhutwe. Kwenye kona moja ya mteremko gari likateleza polepole, yaani polepole mpaka unaona kabisa linakwenda, likalala ubavu mtaroni. Tunamshukuru Mungu watu tulitoka na michubuko tu. Lakini fotokopi ilikuwa imekwisha, kompyuta 1 imekwisha, friji nalo ndiyo hivyo.

Mwenye gari alikuja na pikipiki. Akanishika bega: "Pole sana waitu, kijana wangu. Usiwe na wasiwasi, gari lina bima."

Nikalala na matumaini. Siku 2 baadaye nikaenda kwenye ofisi ya ile kampuni ya bima. Siitaji jina, kwa sababu kusema kweli wao hawakuwa na kosa lolote. Dada wa pale akanisikiliza vizuri mpaka mwisho, halafu akaniuliza swali moja: "Vitu vilivyoharibika vilikuwa ndani ya gari au nje ya gari?" Nikasema ndani. Akasema: "Basi kaka yangu, hiyo bima haikuhusu."

Hapa ndipo somo linapoanza.

Ile stika mnayoiona kwenye kioo cha gari mara nyingi ni ya bima ambayo mtaani tunaiita bima ndogo. Sheria ya Tanzania inamlazimisha kila mwenye gari barabarani awe nayo angalau hiyo. Kazi yake ni kumlinda MTU WA TATU: yule mwenda kwa miguu aliyegongwa, yule mwenye pikipiki, na kwa bima nyingi pia ukuta wa jirani uliobomolewa. Mkataba una pande mbili, kampuni na mwenye gari, na wa tatu ni yule wa nje aliyeumizwa. Wewe mwenye mizigo uliye juu ya gari unaona kabisa kwamba wewe ni mtu wa nje. Lakini mizigo iliyobebwa na gari lenyewe huwa imetolewa kwenye mkataba, imeandikwa wazi. Kama Canter letu lingeangukia kibanda cha mtu pale barabarani, mwenye kibanda angelipwa. Friji langu lililokuwa juu ya Canter, hapana!

"Je kama gari lina bima kubwa?" Hilo ndilo swali la pili ambalo kila mtu huuliza. Bima kubwa inaongeza kumlinda mwenye gari: gari lake likianguka, likiibwa au likiungua, analipwa. Gari lake, siyo kitanda chako. Kwa hiyo hata stika ingekuwa ya bima kubwa, mimi ningebaki pale pale mtaroni.

Kinachohusu vitu vikiwa njiani ni bima nyingine kabisa, inaitwa bima ya mizigo safarini. Inaweza kukatwa na mwenye gari kama kazi yake ni kubeba mizigo ya watu, au ukaikata wewe mwenye mizigo kwa safari moja tu. Inataja mizigo gani, thamani gani, inatoka wapi, inakwenda wapi, kwa chombo gani. Soma hapo kwenye chombo. Kwa sisi watu wa Kagera hilo ni muhimu kuliko kwa mtu wa Dodoma, maana mzigo wetu unaweza kuanza kwa gari kutoka Nshamba, ukafika bandarini Bukoba, ukapanda MV Victoria iliyorudi kazini mwaka 2020 baada ya ukarabati, ukashushwa Mwanza na kupakiwa kwenye gari lingine. Kama karatasi inasema barabara tu, ziwani upo mwenyewe. Kama inasema safari tu, basi muda ambao vitu vimelala bandarini vikisubiri meli nao ni wa kuuliza. Mkoa huu haujasahau tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu kabisa kufika Mwanza. Wengi tunaijua kwa watu tuliowapoteza, na hiyo hakuna karatasi inayoifidia. Lakini watu hao walikuwa wanasafiri na mali zao pia, na familia zilizobaki zilianza upya kutoka sifuri.

Ukiona bima ya safari moja ni gharama kubwa kwa kitanda na masufuria, sikulaumu. Mimi mwenyewe nisingelipia masufuria. Ila fotokopi ningelipia, kwa sababu ile ndiyo iliyokuwa inanilisha. Kwa hiyo usifikirie mzigo mzima. Chagua kile kitu kimoja au viwili ambavyo vikivunjika unarudi kijijini, hivyo ndivyo uulizie bei.

Kama hata hiyo huwezi, basi andikishaneni na mwenye gari kabla ya kupakia. Karatasi ya daftari inatosha: vitu gani, viko katika hali gani, nani anawajibika vikivunjika kwa uzembe wa dereva. Kumdai mwenye gari moja kwa moja inawezekana, ila utatakiwa kuonyesha kwamba kulikuwa na uzembe. Mimi sikuwa na karatasi, na kumshitaki mzee aliyekuja usiku kwenye mvua kunivuta mtaroni roho ilikataa.

Sasa ngoja niwape ya pili, na hii iliniuma zaidi.

Kumbe mimi NILIKUWA NA BIMA. Mwaka mmoja nyuma nilikopa pesa kwenye taasisi moja ya mikopo ili ninunue ile fotokopi. Siku ya kuchukua hela waliniambia kuna makato: ada ya fomu, na bima. Nikasaini. Nani anasoma pale? Unachotaka ni mshiko. Baada ya ajali nikakumbuka, nikaitafuta karatasi chini ya godoro, nikaikuta: bima ya moto kwa mali ya biashara, fotokopi imetajwa kabisa na thamani yake. Nikaruka juu! Nikakimbia nayo.

Jibu: kwanza ni bima ya moto, ajali ya barabarani haimo. Hilo nilielewa. La pili ndilo lililonifungua macho. Yule bwana alininyooshea kidole kwenye mstari ulioandikwa "mahali mali ilipo": Nshamba, senta, chumba cha duka. Akaniambia: "Hata ungefika salama Rwamishenye, kisha duka likaungua wiki ijayo, tusingekulipa. Mkataba huu unalinda mali ikiwa pale ilipoandikwa. Ukiihamisha bila kutuambia na sisi kukubali, bima imekatika."

Wadau, naomba mrudie kusoma hapo. Bima ya nyumba au ya vitu vya ndani haimfuati mtu. Inafuata ANUANI. Kampuni ilipopanga bei iliangalia ukuta wa tofali, bati, mlango wa chuma, jirani hana gereji ya kuchomelea, barabara gari la zimamoto linapita. Ukihamia kwenye nyumba nyingine yenye jirani anayeuza petroli kwenye madumu, wao hawajui, na kwa macho yao ile ni bima nyingine. Dawa yake ni rahisi mno na mara nyingi ni nafuu: kabla ya kuhama unaandika barua au imeili, unataja anuani mpya na tarehe ya kuhamia, wanakupa karatasi ya nyongeza inayobadilisha mahali. Pengine utaongeza hela kidogo, pengine hutaongeza kitu. Ila hiyo karatasi uwe nayo mkononi, usiridhike na "sawa tumekuelewa" ya kwenye simu.

Na kama unahama kidogo kidogo, vitu nusu huku nusu kule kwa wiki 3, waombe walinde sehemu zote mbili kwa kipindi hicho. Nyumba ya zamani nayo ina mtego wake: mikataba mingi ina kipengele kwamba nyumba ikikaa tupu zaidi ya muda fulani, mara nyingi siku 30, ulinzi unasimama mpaka uwaarifu. Nyumba tupu inavutia wezi, na ikianza kuungua hakuna wa kuona mapema.

Haya, umefika nyumba mpya. Nani akate bima ya nini?

Kama umepanga, jengo ni la mwenye nyumba. Wewe huwezi kukatia bima ukuta wa mtu kana kwamba ni wako, kwa sababu ili ukate bima ya kitu lazima kiharibikacho kikutie hasara wewe. Hiyo ndiyo inayotofautisha bima na kamari. Vitu vyako vya ndani ndivyo vya kwako. Na kinyume chake: usije ukadhani kwamba kwa sababu mwenye nyumba ana bima basi na televisheni yako imo. Nyumba ikiungua yeye atalipwa bati, wewe utapewa pole. Ongeza na hili: soma mkataba wa pango. Kuna mikataba inasema mpangaji akisababisha moto analipa. Ukiiona hiyo, uliza bima inayolinda wajibu wako kwa mwenye nyumba.

Kama umenunua au umejenga kwa mkopo wa benki, benki itakulazimisha bima ya jengo, na jina la benki litaandikwa kwamba wao ndio wa kwanza kulipwa. Watu wengi huwa wanaona "nina bima" wakatulia. Hiyo kwanza inalinda mkopo wa benki! Vitu vya ndani havimo mpaka uviongeze.

Kwenye fomu ya maombi sema ukweli wote. Ukuta wa nini, paa la nini, unafanya biashara ndani au la. Kama sebuleni kuna mashine 2 za kushonea na mitungi ya gesi ya kuuza, iandike. Kuficha ili bei ishuke ni kujichimbia shimo, maana siku ya janga watakuja kukagua, wakikuta ulidanganya wana haki ya kukataa kulipa.

Halafu kuna hesabu moja ambayo ni lazima niieleze polepole, kwa sababu ndiyo inayofanya watu waseme "bima ni wezi". Tuseme vitu vyako vyote vya ndani vina thamani ya shilingi milioni 10. Ukaona ada ni kubwa, ukaandika milioni 4. Moto ukatokea jikoni, ukaunguza vitu vya milioni 2. Wewe unajua: nimekata ya milioni 4, hasara ni milioni 2, nitalipwa yote. Wapi! Watasema umelinda 4 kwenye 10, yaani asilimia 40 tu ya mali yako, na asilimia 60 ulijibebea mwenyewe. Watakulipa asilimia 40 ya ile milioni 2, yaani 800,000. Na hapo bado hawajatoa ile sehemu ya mwanzo ya hasara ambayo mikataba mingi inakutaka uibebe mwenyewe. Hii inaitwa kanuni ya wastani, ipo kwenye mikataba mingi ya moto duniani kote, siyo ujanja wa Kibongo. Kuhama ndio wakati hasa inakamata watu, kwa sababu mtu akihamia nyumba kubwa ananunua makochi mapya, friji jipya, godoro jipya, lakini ile thamani kwenye karatasi imebaki ya chumba kimoja.

Wizi: mikataba mingi inalipa wizi wa KUVUNJA. Lazima kuwe na kufuli lililokatwa, dirisha lililong'olewa, alama ya nguvu. Ukiacha mlango wazi ukaenda dukani, au fundi aliyekuwa anapaka rangi akaondoka na laptop, hapo utabishana sana. Siku ya kuhamia mlango unakuwa wazi saa nzima na watu usiowajua wanaingia na kutoka. Akili kichwani.

Umeme: sisi wa milimani huku tunajua radi. Radi ikiwasha nyumba moto, bima ya kawaida ya moto inahusika. Lakini umeme ukirudi kwa nguvu ukaua friji bila moto kutokea, mikataba mingi ya moto haimo, kuna bima ya peke yake kwa vifaa vya umeme. Kinga ya umeme unayochomeka ukutani ni rahisi kuliko kubishana.

Nimefika kwenye tetemeko.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, mimi nilikuwa hapa hapa Nshamba nafotokopi vyeti vya mtu. Mashine ikaanza kutembea mezani. Wataalamu walipima ukubwa wa 5.9. Huku kwetu ilikuwa hofu na nyufa, lakini Bukoba mjini na Missenyi ndiko kulikoumia vibaya. Watu zaidi ya 15 walifariki, wengine mamia walijeruhiwa, nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka na nyingine maelfu zikabaki na nyufa. Ihungo na Nyakato, shule ambazo kila Mhaya ana ndugu aliyesoma pale, zikawa kifusi.

Wengi walisubiri serikali iwajengee. Januari 2017 Rais Magufuli alikuja Bukoba akasema waziwazi kwamba serikali haitamjengea mtu nyumba, kila mtu ajenge ya kwake, serikali itashughulikia shule, hospitali na miundombinu ya umma. Kuna waliokasirika, na kuna waliosema afadhali amesema ukweli. Mimi siingii kwenye siasa. Kwa upande wa bima maana yake ni moja tu: nyumba yako ikianguka kwa tetemeko, ni yako.

Sasa sikia: kwenye bima ya moto ya kawaida TETEMEKO HALIMO MOJA KWA MOJA. Moto, radi, na aina fulani za mlipuko, basi. Tetemeko, mafuriko, dhoruba, ghasia, hayo ni nyongeza. Unayaomba, unayalipia, na yanaandikwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa Bukoba, mji uliotikiswa mwaka 2016, akawa na bima nzuri ya nyumba, akalipa kila mwaka kwa uaminifu, na siku likirudi asipate hata senti kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia aweke alama kwenye kile kiboksi. Nilipokata bima yangu ya Rwamishenye hilo ndilo lilikuwa swali langu la kwanza. Wakala akashangaa, akasema wateja wengi hawaulizi. Nyongeza yenyewe haikuwa kubwa.

Sasa niwaambie kitu ambacho nilikigundua nikisoma soma kwenye kafe, na ndicho kilichonifanya niandike haya yote.

Wazee wetu walikuwa na bima kabla ya Shirika la Bima la Taifa kuanzishwa mwaka 1963. Vijijini kwetu kuna bujuni, kutoka okujuna, yaani kusaidia. Mnachangia, akifa mtu mnazika, akipata janga mnasimama naye. Mwaka 2000 watafiti walikwenda kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, kijiji kidogo cha kaya 119, wakamuuliza kila mtu mzima: ni nani unaweza kumtegemea kwa msaada, na nani anakutegemea wewe? Wakachora mtandao wote. Wakakuta watu wanasaidiana na ndugu, na wenzao wa ukoo na dini, na hasa na wale wanaoishi karibu. Maskini wakawa na mtandao mwembamba kuliko wenye nacho. Yaani hii bima yetu ya kienyeji nayo ina ANUANI! Ukienda mbali inafifia.

Kuna utafiti mwingine mkubwa zaidi wa Kagera, ulianza mwaka 1991 kwa kaya zaidi ya 900 na wakawatafuta tena watu wale wale mwaka 2004 na 2010, hata waliohamia mikoa mingine. Walikuta kuhama kunalipa: kati ya 1991 na 2004 matumizi ya waliohama yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ndugu zao waliobaki. Hapo kijana wa Buzuruga atafurahi. Lakini wakaangalia pia nani anambebea nani mzigo. Mtu wa nyumbani akipata janga, aliyehama anatikisika mfukoni, kwa sababu anatuma. Aliyehama akipata janga, nyumbani hawatikisiki. Msaada unakwenda upande mmoja. Wakakadiria kwamba mhamaji anatoa kama asilimia 3 mpaka 5 ya lile ongezeko la maisha yake kwa kazi hiyo.

Nilipoisoma nilikaa kimya. Kwa sababu mwaka 2018 baada ya ajali, nilipiga simu nyumbani. Mama alilia, akaniombea. Mwenyekiti wa kikundi akanipa pole ya dhati. Lakini kanuni za kikundi zilikuwa kwa wakazi, na mimi nilikuwa nimeaga siku 2 kabla, na hela ya mwezi ule sikuwa nimelipa. Miezi 4 baadaye bati la mama liling'olewa na upepo. Nani alituma hela? Mimi, bila fotokopi.

Silalamiki, ndivyo inavyotakiwa. Ila nataka kijana anayehama aelewe hesabu yake ilivyo: siku unapopanda Fuso unakuwa bima ya waliobaki, na wewe mwenyewe huna. Ile ya kikundi umeiacha, ile ya karatasi imebaki kwenye anuani ya zamani, na stika ya kwenye kioo si yako. Kwa hiyo kama kikundi chenu kinaruhusu walio mbali kuendelea kuchangia, ongea nao kabla hujaaga, lipa mpaka mwisho wa mwaka. Na ukifika ulizia kikundi cha mtaa mpya mwezi wa kwanza, usisubiri msiba.

Mengine ni ya haraka. Kabla ya kumpa mtu hela ya bima hakikisha ana leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Wakala anafanya kazi ya kampuni, dalali wa bima anafanya kazi yako, kwa hiyo ushauri wao una pembe tofauti. Siku hizi kupitia benki nyingi nako unakata. Hujalipa, huna bima, usidanganywe na "tutaelewana mwisho wa mwezi". Janga likitokea toa taarifa siku hiyo hiyo: wizi au ajali chukua RB polisi, moto piga 114 na baadaye omba ripoti ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kampuni ikikukatalia na ukaona umeonewa, omba sababu kwa maandishi, kisha nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi hiyo ipo kwa ajili yetu sisi wadogo.

Yule kijana anaondoka Jumamosi asubuhi. Leo mchana tulikuwa naye kwa mkewe, tumepiga picha kila kitu kabla hakijafungwa: friji likiwa linawaka, televisheni ikiwa inaonyesha, cherehani na namba yake ya nyuma, na risiti zilizopatikana. Halafu tumezituma kwenye imeili yake mwenyewe, maana simu inaweza kuanguka mtaroni pamoja na friji. Cherehani ndiyo inayomlisha mke wake, hiyo ameikatia bima ya safari mpaka Mwanza, barabara tupu, ziwa halimo kwa kuwa hawapiti huko. Na nimemwambia watoke alfajiri.